Binadamu Hasalimii Hivyo

Baba alinisomea hukumu yangu mbele ya wageni, makusudi, ili nisipate pa kubishia. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Wazee wenzake wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni kwetu Kamuli, kila mmoja na kahawa ya kutafuna kiganjani, kahawa niliyoichemsha mimi, nami nilikuwa nimepiga magoti namnawisha mikono mmoja wao. Baba akaninyooshea kidevu kama anayeonyesha mbuzi mgonjwa.

"Huyu mnayemwona," akasema, "amesoma kompyuta mpaka chuo kikuu, sasa amerudi kunikalia chumba. Nimempa muda. Mchumo wa mwisho ukifika na kazi hana, chumba kinaingia magunia, yeye anakwenda kwa shangazi yake Omurushaka kufua mashuka ya gesti."

Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Waitu, jamani, na kufua nako si kazi?" Wakacheka tena. Niliendelea kummwagia maji yule mzee, nikitamani yangekuwa yanachemka.

Mchumo wa mwisho, kwa asiyelima, ndiyo siku ya kufunga msimu. Kahawa haiivi yote kwa pamoja. Unapita shambani unachuma nyekundu tu, unaiacha ya kijani, baada ya siku kadhaa unarudi kwenye mti uleule, na hivyo hivyo wiki baada ya wiki. Wapo majirani wanaokwangua tawi zima kwa mkono mmoja, mbivu na mbichi, wakaanika vyote pamoja. Baba huwaita wezi wa mali yao wenyewe. Kwake ni siku moja tu katika mwaka ambayo ruhusa hutolewa ya kupukutisha kila kilichobaki, ili mti upumzike. Siku hiyo ndiyo aliyonipa.

Na chumba chenyewe kilikuwa cha mwisho nyumbani, kinachotazama migomba, ambako marehemu mama alikuwa akiweka maharage. Meza yake ya kuchambulia ilikuwa bado humo. Nilikuwa nimeiweka dirishani kwa sababu hapo tu ndipo mtandao ulipoingia, tena kwa kubembelezwa, simu ikiwa imening'inizwa kwa uzi kwenye nondo na laptopu ikila mtandao kutoka kwenye simu hiyo. Nje ya dirisha hilo hapakuwa na kazi nyingine niliyoijua. Nilikwisha kupeleka barua zangu Kayanga na Bukoba mpaka walinzi wa getini wakawa wananiita dada wa bahasha.

Matumaini yangu yote yalikuwa kwenye zana moja ya mtandaoni, ya bure, inayotumiwa na waandishi wa programu duniani kote. Kazi yake ni kusoma programu uliyoiandika, mstari kwa mstari, na kukuonyesha ulikokosea kabla programu haijakuaibisha mbele ya wateja. Haina huruma. Inakwambia hapa umetangaza kitu hukukitumia, hapa umefungua hukufunga, hapa mlango unaoingia hauna pa kutokea. Niliipenda tangu chuoni, maana ilikuwa na tabia za baba bila mdomo wake.

Waliojenga zana hiyo ni mafundi kweli, siwezi kuwanyima. Lakini maandishi yao! Ndani ya msimbo wenyewe, yaani ile mistari ya programu, waandishi wa programu huchomeka vijimaelezo vya kusomwa na wenzao, ambavyo kompyuta huvipita tu, na nje ya msimbo kuna mwongozo wa kumfundisha mtumiaji. Kote huko kulikuwa kumeoza. Herufi zimegeuzwa, sentensi zimeanzia njiani zikafia njiani, aya moja inakukataza jambo na inayofuata inakusihi ulifanye. Watu waliotengeneza mtambo wa kukamata makosa ya wenzao walikuwa wanatembea na vifungo wazi, na hakuna aliyewaambia.

Na wao wenyewe walikuwa wameanza kuona aibu, kwa sababu walitangaza kwamba watachukua waandishi wachache wa kulipwa, waufumue mwongozo wote na kuuandika upya. Ungeweza kuifanya kazi hiyo ukiwa popote, hata Kamuli. Sharti lilikuwa moja: watachaguliwa kutoka miongoni mwa wale ambao wameshaonyesha kazi yao kwa kuleta masahihisho. Nililisoma tangazo lile nimesimama, kisha nikavuta kiti cha mama nikakaa kufanya kazi.

Macho ya kazi hiyo alinipa baba. Nilipokuwa mdogo, nikirudi na kapu langu kutoka shambani, alilimwaga lote juu ya turubai uwanjani, hata kama kuna watu, na hasa kama kuna watu. Aliyapekua matunda kwa kidole. Akiona la kijani nililolichuma kwa haraka ya kitoto, hakupiga. Aliniambia, "Asama," yaani fungua mdomo, akaniwekea, akasimama hapo mpaka nilitafune. Kahawa mbichi ya kijani inakausha ulimi mpaka unahisi umelamba chokaa, na uchungu wake unakaa hadi kesho yake. Nililia mwanzoni, baadaye nikajifunza kutafuna huku namtazama usoni.

Yale ya kijani yaliyobaki kwenye turubai, mama aliyaokota. Aliyachemsha na majani ya kunukia, akayakausha taratibu, yakawa akamwani, ile kahawa ya kutafuna ambayo kwetu mgeni hapewi kiti bila kupewa na yenyewe. Hiyo haitengenezwi kwa tunda bivu, hutengenezwa kwa kijani hilohilo nililokuwa nimelishwa kwa adhabu. Wageni walipokuja baba aliigawa kwa mkono wake mwenyewe kutoka kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko. Walitafuna, wakatingisha vichwa, wakasema kahawa ya nyumba hii haina mwenzake Kyerwa nzima. Baba aliitikia, "Karibuni sana, ndiyo yetu." Mama alikuwa jikoni kwenye moshi, na sauti zote alizisikia.

Basi nilichuma maneno kama nilivyofundishwa kuchuma kahawa. Nililisoma faili moja kwa siku, pole pole, na nikiliona kosa nililisahihisha papo hapo na kulituma hilo peke yake, pendekezo moja kwa neno moja. Herufi mbili zimebadilishana nafasi katika kijimaelezo, pendekezo. Alama ya nukta imesahauliwa, pendekezo jingine. Kuyalimbikiza makosa mpaka yajae halafu kuyapeleka kwa mkupuo kwangu kulifanana na kukwangua tawi, na mwili wangu ulikataa kabla hata akili haijaulizwa. Nilijua msimamizi wa mradi atapenda kuliona kila tunda peke yake, akalikubali au akalikataa bila kubughudhiwa na mengine.

Na kila nilichokituma nilikitanguliza kwa salamu. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na waliozaliwa kwetu hawatahitaji maelezo. Huwezi kuingia kwenye uwanja wa mtu ukamwambia tu kwamba mlango wake umepinda. Unabisha hodi, unauliza wameamkaje, unauliza watoto, wazee, mvua, unampa pole ya kazi, ndipo unalitaja lililokuleta. Ukirudi tena jioni unaanza upya, salamu ya asubuhi haikutoshi. Niliandika kwa Kiingereza kizuri: habari za leo, natumaini nyumbani wote ni wazima, poleni na kazi, nimewaletea sahihisho dogo, asanteni kwa kunipokea. Sikuibadilisha kutoka siku moja hadi nyingine, kwa kuwa salamu si kitu cha kubuni upya kila mara. Nani kwetu amewahi kubuni shikamoo yake?

Aliyekuwa akipokea masahihisho alikuwa mtu mmoja ambaye sikuwahi kuiona sura yake. Mahali pa picha yake aliweka picha ya mbwa mwenye masikio marefu, amevalishwa miwani. Mimi nilimwita Mwenye Mbwa. Hakuwahi kuijibu salamu hata mara moja, lakini mwanzoni alipokea nilichopeleka, akaweka alama ya dole gumba, akapita. Nilijiambia ndivyo walivyo, wengine salamu zao ziko kwenye vidole. Nilikuwa na furaha siku zile, nasema kweli. Nilianza hata kuimba nikichuma kahawa ya asubuhi kabla ya kuingia dirishani, na vibarua wakaulizana kama nimepata mchumba.

Baba alilijua hilo la mbwa kwa sababu nilikuwa na ujinga wa kumweleza. Tangu hapo akapata mchezo wa jioni. Nikimsalimia, "Shikamoo, tata," aliitikia "Marahaba," halafu kabla sijakaa anauliza, "Mbwa wako amebweka leo?"

"Amekubali mawili, tata."

"Amekubali." Akageukia sahani yake ya matoke. "Mtoto wangu anasubiri kukubaliwa na mbwa. Mama yako angekuwepo angefurahi."

Neno hilo lilinichoma kila mara, na yeye alijua, ndiyo maana alilipika kila jioni bila kuongeza chumvi mpya. Nilikuwa nahesabia kwamba kazi ile ikija nitamjibu kwa kukaa tu, kwa kufungua dirisha langu kila asubuhi huku magunia yake yakinyeshewa.

Kitu nilichojivunia kuliko vyote hakikuwa herufi. Kulikuwa na sura katika mwongozo inayoeleza tofauti kati ya kosa na onyo, maana zana ile ikikagua inakupa vyote viwili. Sura hiyo ilikuwa imeandikwa kwa namna ambayo mtu akiisoma anatoka haelewi hata alichokuwa anakielewa alipoingia. Watu walikuwa wakiyapuuza maonyo kwa kudhani ni kelele. Niliitafuna sura ile siku nyingi. Mwishowe niliifuta aya nzima, nikaandika: onyo ni kosa ambalo bado halijaiva, liache kwenye tawi na litaiva siku usiyokuwepo shambani. Nikatanguliza salamu, nikatuma. Jioni hiyo baba aliniuliza kuhusu mbwa nami nikatabasamu.

Pendekezo lile halikupata dole gumba. Wala yaliyofuata. Yalikaa yamejipanga, moja chini ya jingine, kila moja na salamu yake, wala hakuna aliyeitikia. Nilifikiri mtu yule anaumwa. Kwenye pendekezo lililofuata niliongeza pole ya ugonjwa.

Asubuhi moja ya ukungu, ule wa kwetu unaoficha hata mgomba wa jirani, nilifungua laptopu nikakuta yote yamefungwa. Yaliyokuwa yakisubiri yalikuwa na alama nyekundu mbele, kutoka juu hadi chini, na kwenye la mwisho Mwenye Mbwa alikuwa ameandika. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu. Alisema wamebaini kwamba akaunti hii inaendeshwa na mashine, kwamba mapendekezo ni mengi mno, madogo mno, yanakuja moja moja kama matone, na kila moja limeanza kwa maneno yaleyale ya kuuliza hali ya nyumbani. Akamalizia: "Binadamu hasalimii hivyo." Akaunti yangu imefungiwa kuandika chochote kwenye mradi huo, naweza kusoma tu.

Chini yake wengine walikuwa wamefika kuchangamka. Mmoja aliandika, natumaini nyumbani wote ni wazima, akaweka vicheko. Mwingine akamjibu, poleni na kazi, na vicheko zaidi. Wakaendelea hivyo kwa furaha, watu wasiojuana, kutoka nchi ambazo sitazifika, wakisalimiana kwa salamu yangu ili kuicheka. Hakuna aliyewaambia kwamba tangu mradi ule uanze, hiyo ilikuwa mara ya kwanza wao kusalimiana.

Sikulia. Nilipandwa na hasira ambayo ilinifanya nisimame, nikakaa, nikasimama tena. Nilimtukana yule mbwa kwa Kinyambo, nikamtukana mama yake na ukoo wake wote wa masikio, mpaka kibarua aliyekuwa anapita na mkungu akaweka mkungu chini asikilize. Kisha nikaanza kuandika. Kwenye mradi sikuweza, lakini palikuwa na anwani ya barua pepe ya wasimamizi. Niliwaeleza mimi ni mwanamke, naishi Kamuli, baba yangu ni mkulima wa kahawa, kwetu tunachuma moja moja na tunasalimia kila tuingiapo, na kazi ile waliyoitangaza naihitaji kwa sababu chumba ninachoandikia kinachukuliwa msimu ukiisha. Nilijieleza kwa heshima nikajidharau kwa kila mstari. Sikuanza na salamu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko mengine, kwamba walinifundisha kwa siku moja.

Jibu lilikuja baada ya muda, fupi. Kama wewe ni binadamu kweli, samahani. Tunaletewa takataka nyingi sana za mashine siku hizi, hatuna muda wa kuchambua.

Hatuna muda wa kuchambua. Ndivyo walivyoandika watu wa zana ya kuchambua. Nami nilikaa na lile neno "kama" mbele ya meza ambayo mama alichambulia maharage kwa miaka yote niliyomjua, punje kwa punje, na mgongo ukimuuma. Hawakunifungulia.

Niliwaza kujitangaza mahali pengine, kuwaanika, kuweka picha yangu nimeshika tawi la kahawa. Niliwaza hata kumpa baba simu awasemeshe, na hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu angewaunga mkono. Siku zilizobaki nilichuma. Jioni baba aliuliza kuhusu mbwa wake wa kila siku, nikasema amenyamaza. "Amekuuma," akasema, bila hata kuuliza. Akaendelea kula.

Mchumo wa mwisho ulifika siku ya jua kali. Baba alisimama mwanzo wa shamba amevaa kofia yake ya ibada, sijui kwa nini huivaa siku hiyo, akatoa ruhusa kwa mkono. Tulipukutisha. Kwa mwaka mzima unazuiwa halafu unaambiwa vuta, na mkono unavuta tawi lote kutoka shinani mpaka nchani, nyekundu, njano, kijani, majani, vyote vinadondokea kwenye turubai kwa sauti ya mvua. Vibarua walipiga vigelegele. Nilivuta kwa hasira mpaka vidole vikachubuka, nikavunja tawi zima la mti mchanga. Baba aliliona tawi lile, akaliokota, akalitazama, akaniwekea juu ya kapu langu. Nililibeba hadi nyumbani mbele ya watu wote.

Magunia yalikwisha kupangwa barazani. Nilijua ananipa muda wa kunawa tu. Niliingia chumbani na, kwa tabia tu, mkono ukafungua laptopu na macho yakaenda kwenye mradi ule ambao bado niliruhusiwa kuutazama kama mtu anayechungulia sherehe dirishani.

Kulikuwa na badiliko moja jipya, kubwa. Mwenye Mbwa alikuwa amelileta mwenyewe kwa jina lake, akaliita usafi wa mwongozo. Nililifungua. Nilipokuwa nikishuka na kidole nilianza kuzitambua moja baada ya nyingine. Herufi zilizobadilishana nafasi, zimerudishwa. Nukta zangu. Neno la "kupokea" kwa Kiingereza, ambalo walikuwa wamelikosea karibu katika kila faili. Sentensi nilizozikata viuno zikaanza kupumua. Yalikuwa matunda yangu yote, yale aliyoyaita takataka, ameyaokota kwenye turubai na kuyamimina kwenye kapu moja. Hakuacha hata moja. Angalau kwa hilo alikuwa na macho.

Katika sura ya maonyo palikuwa na maneno haya: onyo ni kosa ambalo bado halijaiva, liache kwenye tawi na litaiva siku usiyokuwepo shambani. Herufi kwa herufi. Mtu mwenye mbwa wa miwani, ambaye nadhani hajawahi kulishika tawi lenye kitu cha kuiva, alikuwa ameandika shambani.

Chini yake watu wale wale wa vicheko walikuwa wanamshukuru. Mmoja alisema hayo ni maelezo bora kabisa ya onyo aliyowahi kuyasoma. Mwingine akataka yachapwe kwenye fulana. Mwingine akasema inaonekana wazi kuwa yameandikwa na mtu, si na mashine. Mwenye Mbwa aliwajibu wote kwa dole gumba. Na mwishoni kabisa palikuwa na tangazo kwamba nafasi za waandishi zimejaa, na sheria mpya inayokataza mapendekezo ya neno moja moja, na sheria yenyewe ilikuwa na neno lililokosewa herufi. Nililitazama neno lile nisiweze kuligusa.

Baba aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa na gunia tupu begani na vumbi la shambani usoni. Aliniona nilivyokaa, akasogea, akainama nyuma yangu kutazama kioo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nirudi.

"Ni nini?"

Sijui kwa nini nilimweleza. Labda nilitaka mtu mwingine akasirike. Nilimwonyesha maneno yangu, nikamsomea kwa Kiswahili ile sentensi ya tawi, nikamwambia niliileta mimi, wakaikataa, wakanifungia mlango wakasema mimi ni mashine, sasa huyu mwenye mbwa ameitoa kama yake. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshika kona ya meza, na kidole chake, kilekile kilichonipekulia makapu, kilikuwa kinagonga mbao polepole. Kwa muda mfupi nilidhani nimempata. Nilidhani atasema neno moja tu la kunitetea, na ningemsamehe mengi kwa neno hilo.

"Ameweka jina lake?"

"Ameweka lake, tata."

"Na wageni? Wameisifu?"

Nilitazama tena kwenye kioo, zile shukrani zimejipanga, fulana, dole gumba.

"Wameisifu."

Akacheka. Hakikuwa kicheko cha sebuleni. Kilikuwa kidogo, cha puani, cha mtu aliyekutana na kitu anachokifahamu tangu zamani.

"Basi ilikuwa nzuri," akasema. "Mama yako naye hakuitwa sebuleni."

Aliliweka gunia chini, akaichomoa simu yangu kwenye uzi wa dirishani na kunikabidhi, akainama upande wa pili wa meza.

"Shika huko."

Nikafunga laptopu, nikaiweka kitandani, nikashika upande wangu. Meza ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka, na ilitubidi kuilaza ubavu ili ipite mlangoni.